Sauti Ipo, Picha Hakuna

*Rasimu. Haikutumwa.*

Kisauni, 4 Februari 2025

Mjomba Aqil,

Shikamoo. Mimi ni Ikhlas, binti wa marehemu dada yako. Miaka mitatu hatujaandikiana, na sijui kama utautambua mwandiko wangu. Natumia karatasi kwa sababu nimeambiwa masikio yako sasa hayashiki simu kabisa, na meseji zangu za mwezi jana hazikufika. Watu wanasema huko Faza mtandao hupotea hata siku nzima. Kahindi wa ofisi ya mabasi amekubali kuichukua bahasha hii mpaka Mokowe, na pale itatiwa kwenye boti.

Runinga uliyomletea Bibi kabla hujahama imeharibika. Sauti ipo, picha hakuna. Kioo ni cheusi tititi. Nilitaka kumwita fundi wa mtaani, Bibi akakataa katakata. Sasa tumekaa naye ukumbini, mimi na kalamu, yeye na tasbihi, jirani yetu Bi Kafedha pembeni, na ameniamuru niandike maneno yake kama yalivyo:

"Mwambie yule kiziwi, mimi sikuzaa fundi nikaja kufunguliwa tivii na mafundi wa watu. Naaje yeye na bisibisi yake, punda yule. Naaje na huyo mkewe aliyemuoa kichinichini, nimtie matoni nimjue mrefu au mfupi. Na nikifa kabla hajaja, asije kunililia hapa. Nitafufuka nimzabe kofi nirudi zangu."

Kisha alicheka mpaka akakohoa.

Mjomba, nimeyasoma tena. Ofisini kwetu Changamwe kazi yangu ni hii hasa: Bwana Phineas huropoka kwa hasira kuhusu makontena yaliyochelewa, nami huyageuza yawe barua ambayo mteja anaweza kuisoma bila kuudhika. Haya ya Bibi nikiyapeleka yalivyo, utakuja umepandwa na hasira. Daktari wa kliniki amesema presha yake haitaki kelele. Naikumbuka siku ile Bibi alipopata habari ya ndoa yako kutoka kwa Bi Kafedha kabla hajaipata kwako. Nilijificha jikoni, nikaziba masikio, na nilipotoka ulikuwa umeshaondoka. Yakirudi yale, naogopa atakufa mbele yetu. Kwa hiyo siwezi

&nbsp;

Kisauni, 5 Februari 2025

Kwa Mjomba Aqil,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ni matumaini yangu kwamba wewe na mkaza mjomba Hanan mu wazima wa afya. Sisi hapa hatujambo, ila Bibi na presha yake tu.

Runinga uliyomzawadia imepata hitilafu. Taa ndogo nyekundu inawaka na sauti inasikika vizuri, lakini kioo ni cheusi. Ramadhani imekaribia, na unajua Bibi hupenda kutazama tarawehe ya Makka.

Bibi anakusalimu sana na anakuombea kheri. Anakushukuru kwa zawadi yako, na anaomba, kama si usumbufu, umwelekeze kwa barua namna ya kuitengeneza. Mimi nitafuata kila utakaloniambia.

Wako mtiifu,
Ikhlas

&nbsp;

Faza, 8 Februari 2025

Binti yangu Ikhlas,

Waalaykumu salaam. Mwandiko nimeutambua. Ulikuwa ukiandika hivyohivyo ulipokuwa darasa la nne, kila herufi imekaa wima kama mtu anayengoja kuulizwa swali.

Usianze na bisibisi. Anza na macho. Chomoa waya ukutani. Kuzima kwa rimoti si kuzima. Ikiwa imechomolewa, bonyeza kitufe cha runinga yenyewe, ukishikilie muda wa kusoma Alhamdu mara mbili ili umeme uliobaki ndani utoke. Rudisha waya, washa. Nyingine huamka kwa hilo tu, hasa baada ya stima kukatika na kurudi ghafla.

Ikiwa bado, funga mapazia mchana, ukumbi uwe na giza. Washa, kisha shika tochi ya simu karibu na kioo, imulike kwa ubavu, kama anayetafuta sindano sakafuni. Ukiona watu hafifu wakitembea, furahi: kioo ni kizima, zilizokufa ni taa zinazokiangaza kutoka nyuma. Usipoona kitu, ni shauri jingine. Na uniambie kama mwanga hutokea kidogo mwanzoni ukazimika, au hautokei kabisa. Mwanga ukija ukapotea, kuna taa iliyoungua. Usipokuja hata kidogo, huenda taa ni nzima ila umeme hauzifikii.

Salamu za mama nimezisoma mara mbili. Zimenyooka kama risala ya harusi. Haya, nimezipokea.

Boti hutoka hapa kila Ijumaa maji yakijaa, na siku hizi sina kazi nyingi. Lakini siji pahali nisipoitwa. Nikiitwa nitakuja.

Mjomba wako,
Aqil

&nbsp;

*Rasimu. Haikutumwa.*

Kisauni, 16 Februari 2025

Mjomba,

Leo Jumapili nimefanya ulivyosema. Kushikilia kitufe hakukusaidia. Nikafunga mapazia nikamulika kwa tochi. Bibi alikuwa amelala kwenye kochi, akafumbua jicho moja:

"Wamulika nini, Ikhlasi? Watafuta mwivi ndani ya tivii?"

Nikamwambia namtafuta msomaji habari. Na wallahi nilimuona, mwembamba kama moshi, midomo yake inacheza. Bibi akainuka na mkongojo wake akachungulia.

"Ati siku zote hizi yumo humo gizani yuwasema peke yake? Maskini. Mtoeni." Halafu, bila kunitazama: "Na kiziwi asemaje? Yuwaja lini?"

Nikasema kuna boti Ijumaa, na kwamba ulisema utakuja ukiitwa.

"Aitwe mara ngapi? Aitwe na mwadhini? Kwao ni hapa. Mwambie asiniringie mimi, mimi ndimi niliyemfuta makamasi kwa ncha ya leso yangu. Mwambie akija na uso wa kununa nitamrudisha bandarini. Naaje anacheka."

Alikuwa anapaza sauti. Nilimpima kwa ile mashine ya kliniki, namba zilikuwa juu. Akanisukuma mkono akasema mashine hiyo yampandisha presha kwa kuivaa tu.

Mjomba, kama anapanda hivi kwa kukutaja jina, itakuwaje ukisimama mlangoni? Ningetaka mtu aniambie

&nbsp;

Kisauni, 17 Februari 2025

Kwa Mjomba Aqil,

Ahsante kwa maelekezo. Kwa tochi picha inaonekana, hafifu lakini kamili. Mwanga hautokei kabisa, hata mara moja.

Kuhusu safari, Bibi anasema usijisumbue. Anajua una majukumu ya nyumbani kwako, na anaridhika na mwongozo unaonipa. Anakutakia kila la kheri.

Naomba hatua inayofuata.

Wako mtiifu,
Ikhlas

&nbsp;

Faza, 20 Februari 2025

Ikhlas,

Jibu la mama nimelipata. Nimelielewa.

Sasa sikiliza vizuri, kwa kuwa hapa ndipo watu huumia. Chomoa waya tangu asubuhi na usiifungue mpaka alasiri. Ndani kuna bodi ya umeme yenye vikopo vidogo vya duara. Vikopo hivyo huhifadhi umeme hata waya ukiwa umechomolewa, na hupiga kama ng'e. Bodi hiyo itazame, usiiguse. Ukiona kikopo kimevimba kichwa, funga, peleka kwa fundi, na mama aseme atakalo.

Tandika godoro sakafuni, juu yake shuka safi isiyo na mchanga. Laza runinga kifudifudi. Muwe wawili, mshike pembeni, vidole visikandamize kioo. Kioo hakina huruma; ufa wa unywele mmoja na hakuna fundi Faza wala Mombasa atakayeukarabati.

Skrubu hazifanani. Kila moja utakayotoa iweke juu ya karatasi mahali palepale ilipokuwa kwenye mgongo wa runinga. Skrubu ndefu ikirudi kwenye tundu la fupi hutoboa ndani.

Ukishafungua, tafuta nyaya chache zinazotoka kwenye bodi ya umeme na kuingia nyuma ya kioo. Zina kichomeo kidogo cheupe, kama plagi ndogo. Hizo ndizo zinazolisha taa. Kichomoe kwa kushika kichomeo chenyewe, usivute nyaya. Tazama meno yake. Nyumba ile inapata upepo wa chumvi, na mama hafungi dirisha. Yakiwa ya kijani, umepata ugonjwa. Sugua taratibu kwa mswaki mpya wenye spiriti kidogo, uache kikauke kabisa, kisha uchomeke mpaka usikie kimeingia.

Ukishindwa, usione haya kuniambia umeshindwa.

Aqil

&nbsp;

Kisauni, 24 Februari 2025

Kwa Mjomba Aqil,

Alhamdulillah, imepona!

Jana nilifuata kila neno. Bi Kafedha alikuja kunisaidia kuilaza na alisoma Ayatul Kursi muda wote, akisema kama nitapigwa na umeme, angalau nipigwe nikiwa nimesomewa. Hakuna kikopo kilichovimba. Kichomeo nilikiona, na meno yake yalikuwa ya kijani kibichi kama ukungu wa mkate. Nilisugua, nikangoja, nikachomeka. Niliporudisha skrubu ya mwisho nilikuwa nimelowa jasho kuliko siku ya usaili wa kazi.

Nikawasha. Kwanza sauti, kisha picha, na rangi zote. Bi Kafedha akapiga vigelegele. Bibi alinyamaza kwa furaha. Baadaye aliomba izimwe ili apumzike.

Mjomba, sijui nikushukuru vipi. Sikuwahi kudhani mikono yangu inaweza kitu kisichokuwa kalamu. Sasa huna haja ya kuhangaika na safari ndefu kwa kazi ndogo kama hii. Bibi anakushukuru na kukuombea baraka.

Wako mtiifu,
Ikhlas

&nbsp;

Faza, 28 Februari 2025

Ikhlas,

Hongera. Kazi nzuri, na kwa mtu wa mara ya kwanza, nzuri sana.

Mfuko wa vifaa nilikuwa nimeufunga tangu Jumatano, na Hanan alikuwa amepika vitu vya njiani. Nilisema moyoni, barua ikija na neno lolote la kuniita, hata moja, napanda. Barua imekuja. Boti ya leo imeondoka, nami nimeurudisha mfuko rafuni.

Ramadhani njema kwenu. Mwambieni mama afunge lile dirisha.

Aqil

&nbsp;

Kisauni, 18 Machi 2025

Mjomba,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bibi ametutoka leo alfajiri, baada ya daku. Alisema kichwa kinamuuma, akaegemea mto, basi.

Meseji nimetuma kwako na kwa mkaza mjomba, hazionyeshi kufika. Kahindi anapanda basi na barua hii yeye mwenyewe.

Wazee wanataka azikwe leo alasiri. Nimewaomba wakungoje. Nimewapigia magoti. Wamesema maiti hangojeshwi.

Njoo. Njoo, Mjomba.

Ikhlas

&nbsp;

Faza, 2 Aprili 2025

Binti yangu Ikhlas,

Salamu za Idi, ingawa hatukuwa na Idi.

Siku zile nilizokuwa hapo hatukuzungumza. Watu walikuwa wengi, na mimi kusoma midomo ya watu wanaolia siwezi. Nawe kila nilipogeuka ulikuwa unabeba sinia kwenda jikoni. Nilijua unanikimbia. Nilidhani ni huzuni tu.

Nilifika siku ya tatu, khitma inasomwa. Ukumbi umeondolewa kila kitu, mikeka imetandikwa. Runinga niliikuta chumbani kwako imefunikwa leso. Sikuiwasha. Niliigeuza tu nikatazama mgongo. Kila skrubu iko mahali pake. Nilisimama pale nikatamani ungekosea moja.

Siku ya kuondoka Bi Kafedha alinishika shati nje ya msikiti. Alisema maneno yake mara tatu mpaka nikayasoma midomoni: "Mama yako amekuita mwezi mzima, mwanangu, ukajifanya hukusikia." Nikamwambia mimi kusikia nimeacha siku nyingi, lakini barua nasoma, na kwenye barua hakuniita. Akashangaa. Akasema, "Haiwezekani. Mimi nilikuwepo. Alikutukana mpaka mimi nikaona haya, na Ikhlas anaandika."

Basi nimezitoa barua zako nikazisoma upya, nikaelewa ni za nani.

Nitakuambia jambo ambalo hukuwa na njia ya kulijua. Mama yangu maisha yangu yote aliniita punda, kiziwi hata kabla masikio hayajafa, mla bure, shetani wa mchana. Alipokuwa akinituma dukani kwa matusi nilikimbia nikicheka. "Tafadhali" aliniambia mara moja tu. Ni ile siku ya ugomvi. Alisimama katikati ya ukumbi, sauti ya chini, akasema, "Tafadhali, Bwana Aqil, mlango ni ule." Wewe nilikuona kupitia mlango wa jikoni, umeziba masikio.

Kwa hiyo uliponiandikia kwamba mama anaomba, kama si usumbufu, mimi nilimsoma amesimama palepale. Uliponiandikia ananitakia kila la kheri, nikasema bado hajanisamehe. Kadiri ulivyozidisha adabu ndivyo nilivyozidi kuuona ule mlango.

Sikuandikii kukulaumu. Ulikuwa unamchunga. Na mimi ni mtu mzima mwenye ndevu za mvi, ningeweza kupanda boti bila kuitwa na mtu, nikabisha hodi kwenye nyumba nilimozaliwa. Hilo ni langu, usilibebe.

Ila nina ombi. Usiniandikie barua ya kuniomba radhi. Najua utakavyoiandika, itakuwa imepigwa pasi. Nataka maneno yake. Yote unayoyakumbuka, tangu siku runinga ilipozimika. Yaandike yalivyotoka kinywani mwake. Matusi usiyapunguze.

Mjomba wako,
Aqil

&nbsp;

Kisauni, 9 Aprili 2025

Mjomba,

Umenikataza kuomba radhi. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara mkono ulikuwa unaelekea huko, nikaichana. Hii sitaiandikia rasimu. Nitaandika na kutia ndani ya bahasha.

Nimekuambatishia karatasi mbili ambazo sikuzituma mwezi wa pili. Ndani yake maneno yake yamo, kama alivyoyasema. Hizo usizisome mbele za watu. Haya yafuatayo sikuyaandika popote, nayaandika sasa.

Siku runinga ilipozimika alisema: "Kimekufa. Alhamdulillah." Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza, akasema, "Chukua kalamu."

Kila barua yako ilipofika aliniambia, "Soma." Nikimsomea habari za nyaya na tochi, alikuwa akinikatiza: "Hayo ya tivii ruka. Yeye asemaje?" Nilipofika pale uliposema hafungi dirisha, alipiga paja akasema, "Eh! Yuwakumbuka dirisha! Punda huyu yuwakumbuka dirisha langu!" Akanitaka nisome tena. Nikasoma tena. Akanitaka tena.

Jumatano moja alimtuma Bi Kafedha sokoni Kongowea akanunue papa mkavu, kwa kuwa, alisema, "yule bahau hali samaki mwingine akija safari." Papa yule alikaa jikoni mpaka mwezi wa Ramadhani. Mimi ndiye niliyempika.

Kuhusu mkeo alisema: "Kama ameweza kuishi na kiziwi mbishi miaka mitatu, huyo ni mwanangu kuliko yeye. Naaje nimpe bangili zangu, yeye simpi kitu, nitampa mgongo." Bangili ziko kwangu. Nitazileta mwenyewe kwa mkono, nikipewa ruhusa kazini. Nisipopewa nitakuja hivyohivyo.

Usiku wa kwanza wa Ramadhani nilimuuliza kama niwashe atazame tarawehe ya Makka. Akasema, "Washa wewe, yako hiyo."

Limebaki moja, Mjomba. Nilitaka kuliacha.

Siku runinga ilipopona nilikuandikia kwamba alinyamaza kwa furaha. Hakunyamaza. Bi Kafedha alipokwisha kupiga vigelegele na kwenda zake, Bibi alitazama kioo, rangi zote zinamcheza usoni, akaniuliza:

"Umeifungua wewe peke yako?"

Nikasema ndiyo, kwa maelekezo yako.

"Na imepona? Haitakufa tena?"

Nikasema, "Imepona, Bibi, kabisa." Nilikuwa najivuna. Nilitaka anisifu.

Akasema, "Basi sasa nitamwita kwa lipi?"

Nikamjibu kwamba hakuna haja ya kukuita, kazi imekwisha.

Akakigeukia kioo, kama mtu aliyeona kwamba msikilizaji wake si mimi. Kisha akasema, "Haya. Izime."

Nikaizima.

Ikhlas